MUHAMMAD ALI: TUWAAMBIE WATOTO HABARI YOTE, SI NUSU YAKE



Ndugu wasomaji, wiki mbili zilizopita baada ya sala ya Ijumaa alitufuata mzazi mmoja tunayemheshimu sana, akiwa amemshika mkono mwanawe, mwanafunzi wa sekondari. Shida yao ilikuwa hii. Kijana ameacha masomo ya jioni na sasa kila siku baada ya Alasiri yuko kwenye mazoezi ya ngumi. Hataki ngumi za kujifurahisha, anataka ngumi za kulipwa. Baba amemkataza, kijana amekaidi, na nyumbani hawasemezani. Baba alikuja kwetu akitaka tumwambie mtoto neno moja tu: haramu. Kijana naye alikuwa na neno lake tayari, akatuuliza kwa adabu: "Na Muhammad Ali je? Hakuwa Muislamu?"

Tukakaa kimya. Tukaona aibu pia, kwa sababu ni sisi wenyewe tuliomfundisha kumpenda Ali. Picha yake iko kwenye maduka yetu na kwenye vyumba vya wanafunzi wetu, na mawaidha mengi ya vijana yana kisa chake. Tumemsifu miaka yote hii, kisha mtoto akitaka kumfuata tunashtuka.

Tunasema mapema, ili asiyeweza kusoma hadi mwisho aujue msimamo wetu. Sisi tunaona Ali anastahili kupendwa. Lakini tumekuwa tukiwasimulia watoto nusu ya habari, nayo ni ile nusu ya ngumi. Mtu akiisoma kazi yake yote ya ulingoni, tangu 1960 hadi 1981, atakuta mambo mawili makubwa kuliko ngumi zote alizorusha: miaka aliyokaa bila kupigana, na miaka aliyopigana wakati alipaswa kuwa ameacha.

Kwanza hukumu, maana wapo watakaouliza. Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso, hata pale watu wanapopigana. Na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita lilikaa Makka likaamua kwamba ngumi, kwa namna zinavyochezwa ulingoni leo, hazijuzu, kwa sababu mchezo wenyewe umejengwa juu ya kumuumiza mwenzako, na mtu anaweza kupofuka, kuharibika ubongo au kufa. Hapo hatuongezi wala hatupunguzi, mwenye swali zaidi awaendee masheikh. Ila tulimwona kijana yule usoni: hukumu aliisikia, lakini haikumjibu. Alikuwa ameuliza habari ya mtu. Basi tumjibu kwa habari ya mtu.

Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akapewa jina la baba yake, Cassius Marcellus Clay. Baba alikuwa mchoraji wa mabango, mama akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli. Akaenda kushtaki huku analia, akisema akimpata mwizi atampiga. Polisi aliyemkuta, Joe Martin, alikuwa pia anafundisha ngumi kwenye ukumbi uliokuwa hapo hapo. Akamwambia ajifunze kwanza kupigana kabla hajaahidi kumpiga mtu.

Tusimame kidogo hapa. Kisa hiki kila mtu anakijua, na wengi wanakicheka. Sisi hatukukicheka tuliposimama mbele ya kijana wetu. Mtoto wa miaka 12 kaibiwa, ana hasira, na mtu mzima wa kwanza aliyemsikiliza alikuwa na ukumbi wa ngumi. Je, angekuja kwetu? Tujiulize kwa ukweli, wazazi. Madrasa zetu zinafungwa saa ngapi? Baada ya Khitma, mvulana wa miaka 14 au 15 msikitini ana kazi gani zaidi ya kuambiwa asipige kelele? Kijana wetu alituambia jambo moja ambalo baba yake alilisikia kwa mara ya kwanza: kwamba siku asipofika mazoezini, kocha humtuma mtu kuuliza kulikoni. Siku asipofika darsani, hakuna anayeuliza. Tuliposikia hivyo hatukuwa na la kujibu, na hadi leo hatuna.

Turudi kwa Ali. Miaka sita baada ya baiskeli alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Rome, 1960. Tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, akiwa na miaka 22, alimshinda Sonny Liston, mtu aliyeogopwa na kila bondia wa uzito wa juu. Liston alibaki kwenye kiti chake, hakutoka kwa raundi ya saba. Baada ya pambano Ali alitangaza alichokuwa amekificha: kwamba amejiunga na Nation of Islam ya Elijah Muhammad. Siku chache baadaye, Machi 1964, akapewa jina la Muhammad Ali.

Hapa pia tumekuwa tukisimulia nusu. Mafundisho ya Elijah Muhammad hayakuwa Uislamu huu tunaousoma katika madrasa zetu. Yalikuwa na mambo ya itikadi na ya rangi ambayo hakuna mwanachuoni wa Kisunni anayeyakubali. Malcolm X aliliona hilo baada ya Hija ya mwaka 1964. Mwezi Mei mwaka huo huo wawili hawa, waliokuwa kama ndugu, walikutana mjini Accra, Ghana. Ali akamgeuzia mgongo, kwa sababu Malcolm alikuwa amekosana na kiongozi wao. Februari 1965 Malcolm aliuawa. Ali hakupata tena nafasi ya kumuomba radhi, na uzeeni alikiri katika kitabu chake kwamba ni moja ya majuto makubwa ya maisha yake. Vijana mnaogombana na rafiki kwa sababu ya kundi au jumuiya, lifikirieni hili. Baadaye Ali alikwenda Makka mwaka 1972, na Elijah Muhammad alipofariki mwaka 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed akawaongoza wafuasi wengi kuingia kwenye Uislamu wa Sunna. Ali alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo njia yake ya dini ilikuwa ndefu na ilikuwa na makosa. Hatuoni sababu ya kuificha.

Sasa tufike mwaka 1967. Marekani ilikuwa vitani Vietnam na vijana walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima. Mwanzoni Ali aliachwa, maana mwaka 1964 alishindwa mtihani wa maandishi wa jeshi. Mwaka 1966 wakashusha kiwango cha kufaulu na ghafla akawa anafaa. Akaomba asamehewe kwa sababu ya dini yake. Jaji mstaafu aliyepewa kazi ya kumhoji akasema mtu huyu ni mkweli katika imani yake. Wizara ya Sheria haikufuata ushauri huo. Tarehe 28 Aprili 1967, Houston, jina lake la zamani likaitwa ili apige hatua moja mbele aingie jeshini. Hakupiga. Wakaita tena. Hakupiga.

Ndugu wasomaji, hatua moja. Joe Louis, bingwa wa kabla yake, aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili na kazi yake kubwa ikawa kupigana maonyesho mbele ya askari. Wengi waliamini Ali naye angewekwa hivyo hivyo, apige maonyesho, apigwe picha, arudi na mkanda wake. Hakuna aliyetegemea bingwa wa dunia apelekwe msituni na bunduki. Yeye alijua hivyo na bado hakupiga hatua. Siku hiyo hiyo Tume ya Ngumi ya New York ikamnyang'anya leseni, na ubingwa ukaondoka. Tarehe 20 Juni 1967 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Akakata rufaa, kwa hiyo hakuingia gerezani, lakini pasipoti ilichukuliwa na hakuna jimbo lililotaka kumpa kibali cha kupigana. Hakuweza kufanya kazi kwao wala kutoka kwenda kuifanya nje.

Alikaa hivyo miezi 43. Pambano lake la mwisho kabla ya adhabu lilikuwa Machi 1967, la kwanza baada yake Oktoba 1970. Aliondoka akiwa na miaka 25, akarudi na 28. Anayejua michezo anajua miaka hiyo ni nini kwa mwili wa mwanamichezo. Alizunguka vyuo vikuu kutoa mihadhara apate chakula cha familia, na mwaka 1969 akacheza hata mchezo wa kuigiza New York. Wakati ule hakuwa shujaa wa watu wote kama leo. Magazeti makubwa yalimtukana, na mengi yaliendelea kumwita Clay kwa makusudi kwa miaka kadhaa. Ni rahisi leo kubandika picha yake ukutani, lakini tujiulize wangapi wetu tungeibandika mwaka 1967.

Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake, majaji 8 kwa 0. Waliosoma hukumu ile wanajua kwamba mahakama haikumsifu. Ilisema tu kwamba bodi ya rufaa ya jeshi haikueleza kwa nini ilimkatalia ombi lake, na moja ya sababu zilizowezekana serikali yenyewe ilikuwa imekiri kwamba haikuwa sahihi. Hivyo alishinda kwa kipengele cha sheria. Na miaka yake haikurudishwa.

Tazameni hesabu. Kabla ya adhabu alipigana mara 29 na hakushindwa hata mara moja. Baada ya kurudi alipigana mara 32 na kushindwa mara 5. Jumla 61, ushindi 56. Ali wa kwanza alikuwa hapigwi. Miguu ilikuwa inamtoa kwenye hatari kabla ngumi haijafika. Ali aliyerudi alikuwa mzito zaidi, miguu imepungua, na akagundua jambo jingine kuhusu mwili wake ambalo tunaona ndilo lililomponza: kwamba anaweza kuvumilia kupigwa. Machi 1971 Joe Frazier alimwangusha na kumshinda kwa pointi baada ya raundi 15. Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya. Na kisha ikaja Kinshasa.

Hili la Kinshasa ni letu, tulisimulie kidogo. Mobutu alitaka dunia iijue Zaire, akakubali kila bondia alipwe dola milioni 5, fedha ambazo nchi ingeweza kuzifanyia mambo mengine mengi. Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba 1974, yaani ndani ya Ramadhani ya mwaka 1394, lakini George Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini na likasogezwa hadi 30 Oktoba, Idi ikiwa imeshapita. Ili watu wa Marekani waone usiku wao, ngumi zilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa. Kwa wazee wetu wa Bukavu na Uvira ilikuwa saa kumi na moja, wakati wa kutia udhu. Foreman alikuwa amewasili na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na watu waliokuwa bado wanakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji walimchukia hapo hapo. Ali alipita mitaani akicheka na watoto. Uwanja mzima ukaimba kwa Kilingala "Ali boma ye", Ali muue.

Raundi baada ya raundi Ali aliegemea kamba akamwacha Foreman ampige mikononi, mbavuni na kichwani, hadi jitu lile likachoka. Raundi ya nane Ali akamwangusha. Ni ushindi wa akili na subira, na tumeusimulia mara elfu. Tuseme mambo mawili ambayo hatuyasemi. Moja, yule tuliyekuwa tunaimba auawe alikuwa mtu mweusi kama sisi, aliyekulia kwenye umaskini, akaja kuwa mhubiri wa kanisa na rafiki wa Ali hadi mwisho, na akafariki Machi 2025. Pili, zile ngumi alizozipokea kwenye kamba hazikupotea hewani. Ziliingia mahali.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 1975, walikutana tena na Frazier karibu na Manila kwenye joto kali. Kocha wa Frazier alikatisha pambano baada ya raundi ya 14, kwa sababu jicho la mtu wake lilikuwa halioni, na Frazier alikuwa bado anataka kuendelea. Kocha huyo, Eddie Futch, tunamtaja kwa jina kwa makusudi. Alikuwa karibu kabisa na ushindi wa maisha yake, na akaona bora mtu wake arudi nyumbani akiwa hai.

Na kuhusu Frazier kuna doa ambalo haifai kulifunika. Frazier alimsaidia Ali wakati hana leseni wala fedha. Ali alipopata tena nafasi yake alimwita Frazier sokwe mbele ya dunia nzima, na kibaraka wa wazungu, ili tiketi zinunuliwe. Mtu mweusi kumwita mweusi mwenzake sokwe! Frazier alibeba uchungu ule hadi uzeeni. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi hadharani, na Frazier alipozikwa mwaka 2011 Ali alikuwepo, mgonjwa, akisaidiwa kusimama. Vijana wetu wanapenda sana maneno ya Ali na wanayaiga shuleni kudharau wenzao. Wajue kwamba mwenyewe aliyajutia.

Tufike sasa sehemu ambayo huwa tunairuka kabisa.

Septemba 1977 Ali alipigana na Earnie Shavers, mmoja wa watu wenye ngumi nzito kuliko wote. Alishinda, lakini alipigwa sana. Daktari wake wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, alipata majibu ya vipimo yaliyoonyesha figo zinaharibika. Akaandika barua, akampelekea Ali, na mke wake, na meneja, na kocha, akiwaambia mtu huyu aache. Hakujibiwa na hata mmoja. Pacheco akaondoka kwenye kambi.

Kambi ile ilikuwa kubwa. Kulikuwa na wapishi, wabeba mikoba, wacheza masihara, watu wa kusimama kwenye picha, na jamaa wa jamaa. Ali alikuwa mkarimu kupita kiasi, kila mwenye shida alipewa. Wote walimpenda, hatuna shaka. Lakini siku Ali anapoacha ngumi, ndiyo siku mshahara wao unapokatika. Basi nani angemwambia? Mwaka 1978 alishindwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa amepigana mapambano 7 tu ya kulipwa, na Septemba mwaka huo akaurudisha mkanda, akawa bingwa wa uzito wa juu kwa mara ya tatu. Akatangaza kustaafu. Laiti ingeishia hapo.

Mwaka 1980 ulikuwa mgumu kwake pande zote. Februari Rais Carter alimtuma azunguke Afrika kuomba nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Alifika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea, na waandishi wakamuuliza: mwaka 1976 Waafrika walipoigomea Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali alikuwa hajui habari ile, na alikiri hivyo. Tanzania ilikwenda Moscow na ikarudi na medali mbili za fedha. Inashangaza kidogo: aliyekataa kutumwa vitani akiwa na miaka 25, alikubali kutumwa na ikulu akiwa na 38. Lakini alipoelezwa alisikiliza, na hilo wengi wetu hatuliwezi.

Mwezi Julai alipelekwa hospitali kupimwa ili apewe leseni ya kupigana na Larry Holmes. Vipimo vilionyesha kwamba akiambiwa aguse ncha ya pua kwa kidole hafikishi sawasawa, na akiambiwa aruke kwa mguu mmoja hana wepesi uliotegemewa. Leseni ilitolewa. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, akiwa amepunguza uzito kwa dawa hadi akaonekana kama kijana, aliingia ulingoni na hakuwa na kitu. Holmes aliwahi kuwa mtu wake wa kufanya naye mazoezi. Alimpiga huku akimtazama mwamuzi, kama anayesema simamisha basi. Kocha Angelo Dundee alikatisha baada ya raundi ya 10. Holmes alilia. Ali alikuwa ameahidiwa dola milioni 8. Promota Don King akampunguzia zaidi ya milioni moja, Ali akaenda mahakamani, kisha akakubali kufuta kesi kwa dola 50,000.

Na bado, Desemba 1981, alipigana tena, Nassau, na Trevor Berbick. Akashindwa kwa pointi. Hapo ndipo ilipoisha. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Wataalamu hawakubaliani wote ngumi zilichangia kiasi gani. Sisi si madaktari. Tunajua tu kwamba mtu aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote duniani aliishi zaidi ya miaka 30 sauti yake ikizidi kupotea.

Miaka hiyo haikuwa mitupu, Alhamdulillah. Mwaka 1990, mikono ikiwa tayari inatetemeka, alikwenda Baghdad akarudi na mateka 15 wa Kimarekani. Mwaka 2002 watu wa Hollywood walipompa nyota ya heshima, ambayo huwekwa chini kwenye njia ya miguu, alikataa jina la Muhammad likanyagwe. Yake ikawekwa ukutani, na ndiyo pekee iliyo ukutani. Alifariki tarehe 3 Juni 2016, siku chache kabla ya Ramadhani, akiwa na miaka 74, na tarehe 9 Juni, ndani ya Ramadhani, akasaliwa sala ya jeneza Louisville, mji ule ule wa baiskeli, mbele ya maelfu ya watu. Wengi kati yao walikuwa hawajawahi kuona Waislamu wakimswalia maiti wao. Allah amrehemu, amsamehe na atusamehe sisi.

Tulimweleza kijana haya kwa muda wa saa nzima, na chai ikapoa. Hatukumwambia Ali hakuwa Muislamu, na hatukumwambia alikuwa malaika. Tulimuuliza: ukiwa na miaka 38 na madeni, na watu 20 wanakula kwako, ni nani kati ya hao unaofanya nao mazoezi leo atakayekuandikia barua kama daktari yule? Hakujibu. Aliuliza kama Ali aliwaruhusu watoto wake kucheza. Tukamwambia binti yake Laila alipoanza ngumi za kulipwa mwaka 1999, Ali mwenyewe hakupenda na alijaribu kumshawishi aache. Hakumlazimisha, na baadaye akaja kukaa kando ya ulingo kumtazama. Hapo baba wa kijana aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Baba tumemuomba aache kumfungia mlango usiku. Kijana tumemuomba aendelee na mbio na mazoezi ya mwili, asipande ulingoni, na arudi kwenye masomo ya jioni hadi mtihani upite, akasema atafikiria. Sisi nasi tumechukua sehemu yetu ya lawama. Tumekubaliana na imamu kwamba Jumamosi baada ya Alasiri uwanja wa madrasa uwe wazi kwa wavulana wakubwa, na ndugu wawili wamejitolea kuchukua majina na kufuatilia nyumbani kwa asiyefika. Mpira mmoja tunao, wa pili tunautafuta. Wazazi wenye nafasi waje kabla ya adhana, tunahitaji watu wa kukata nyasi.

Wabillahi tawfiq.